Nyumba Zinazokumbukwa Kuliko Stelingi

Niliwaomba wasomaji waniulize kuhusu sinema ambazo nyumba yake au mji wake umewakaa kichwani hata baada ya kusahau nani alimuoa nani. Barua zimekuja kutoka Kikwajuni mpaka Mkoani. Nyingine nimezifupisha, na walioniuliza "jumba gani zuri kuliko yote" nimewaweka kando, maana uzuri siutafuti. Nyumba ya kwenye picha naipima kwa jambo moja tu: picha ikisha, naweza kuingia mlangoni nikajua ngazi iko wapi, jiko liko wapi, na mgeni mwisho wake wapi?

Lile jumba la Kabhi Khushi Kabhie Gham, ambalo helikopta inatua uwanjani, liko sehemu gani ya Delhi? Tunampeleka mama India kwa matibabu na ningependa nikapige picha pale. (Dada wa Kikwajuni)

Dadangu, Mungu ampe mama afya. Lakini Delhi hutaliona. Jumba lile ni Waddesdon Manor, lipo Buckinghamshire, Uingereza. Lilijengwa kuanzia miaka ya 1870 kwa ajili ya Ferdinand de Rothschild, wa ule ukoo wa matajiri wa mabenki, kwa mtindo wa makasri ya Ufaransa. Kwa hiyo ni kasri la Kifaransa, katika ardhi ya Waingereza, limeigiza kuwa kwao Wahindi. Vyumba vya ndani vilijengwa studio Mumbai. Mshono uko mlangoni: nje Uingereza, ndani Mumbai.

Najua picha ile ya 2001 ina wenyewe hapa Unguja, na nitatukanwa, lakini nyumba ile haikunikaa. Nimeitazama mara chungu nzima na hadi leo sijui chumba cha Rahul, stelingi, kiko upande gani.

Mjukuu wangu anabishana na mimi kwamba ule ukumbi wa vioo katika Mughal-e-Azam umetengenezwa kwa kompyuta. Mimi niliiona picha ile Majestic, Vuga, nikiwa kijana. Tuamue. (Babu wa Malindi)

Shikamoo babu. Umeshinda wewe. Mwaka 1960, picha ilipotoka, hapakuwa na kompyuta ya kufanya mambo hayo, na kile ni kioo kweli. Muongozaji K. Asif aliamuru ukumbi ule, Sheesh Mahal, ujengwe studio Bombay kwa kufuata ukumbi wa vioo uliomo katika Ngome ya Lahore. Mafundi walifanya kazi miaka miwili. Urefu wake futi 150, upana futi 80, kwenda juu futi 35, na vioo vya rangi viliagizwa Ubelgiji. Ukumbi huo peke yake ulikula zaidi ya rupia milioni moja na nusu, fedha ambazo wakati ule zilitosha kutengeneza picha nzima na chenji ikabaki.

Tabu kubwa ikawa taa. Ukiwasha, kila kipande cha kioo kinaurudisha mwanga kwenye lenzi, na picha inaungua. Wataalamu wa Kiingereza walioulizwa walisema haiwezekani. Mpigapicha wao, R. D. Mathur, akahangaika mpaka akaipata njia: mwanga usipelekwe moja kwa moja, upigwe kwanza pahala pengine urudi umepoa.

Wewe uliyekuwemo ukumbini siku zile utakumbuka kwamba sehemu kubwa ya picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ikafika wimbo wa Pyar Kiya To Darna Kya, ikageuka rangi. Nawahusudu mlioona kitu hicho kwa mara ya kwanza mkiwa kizani, bila kuambiwa na mtu. Mjukuu pengine ameiona nakala ya 2004, iliyotiwa rangi yote kwa kompyuta, kwa hiyo mpe kijisehemu chake cha haki. Na mwambie atazame kazi inayofanywa na ukumbi wenyewe. Anarkali, mchezaji wa kasri anayependana na mwana wa mfalme (ni Madhubala), anacheza mbele ya Mfalme Akbar na kumwambia wazi kuwa mapenzi hayafichiki. Mfalme anakasirika, anainua macho, anamwona yule yule binti darini, katika kila kipande cha kioo. Hana pa kugeuzia uso. Walinzi wote alionao hawamsaidii kitu, nyumba yake mwenyewe imemsaliti.

Mimi napenda sinema isiyotoka sehemu moja. Wenzangu wanasema zinachosha. Nipe moja niwanyamazishe. (Kijana wa Michenzani)

Wewe ndiye hasa wa kuitazama Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954. Mpigapicha wa magazeti amevunjika mguu, yuko ndani ya plasta, joto kali, hana la kufanya ila kukaa dirishani na kutazama madirisha ya wenzake ng'ambo ya ua. Bibi harusi na bwana harusi wameteremsha pazia. Mwanamke mpweke anaandaa meza ya watu wawili na kula peke yake. Mtunzi wa muziki anasumbuana na piano. Halafu kuna mume na mke mgonjwa wanaogombana, na siku moja mke haonekani tena.

Kamera karibu muda wote iko chumbani mwa mgonjwa. Mtaa mzima ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, Hollywood: nyumba 31, nyingine zikiwa na samani kamili. Studio haikutosha kwa kimo, wakafukua sakafu, ua ukaingia chini na chumba cha stelingi kikawa usawa wa ardhi.

Sasa wewe kaa barazani kwako jioni utazame jengo la pili. Maghorofa ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yanakupa madirisha mangapi kwa mpigo? Nani kabadilisha pazia, nani kaanika nguo za mtoto mchanga, redio ya nani haizimwi. Hitchcock alilipia fedha nyingi kupata kitu ambacho nyinyi mnacho bure. (Sikwambii uchungulie. Yule bwana kuchungulia kulimtokea puani.) Wenzako wakisema inachosha, waambie wafuate sauti: muziki mwingi unaousikia unatoka dirishani mwa mtu, na ukiuzoea unajua nani yuko nyumbani.

Kijiji cha Ramgarh katika Sholay ni kijiji kweli? (Msomaji wa Jang'ombe)

Hapana. Kilijengwa kwa ajili ya picha, katika miamba ya Ramanagara karibu na Bangalore, na njia ikachongwa kufika huko. Picha ilitoka 1975. Miamba ni ya Mungu, ipo mpaka leo.

Tumeitazama Parasite tukiwa wanafunzi chumba kizima, tukabishana mpaka usiku. Mimi nasema nyumba ile ya matajiri ndiyo mwigizaji mkuu. Unakubali? Na ipo kweli? (Mwanafunzi, Tunguu)

Nakubali nusu. Waigizaji wakuu ni nyumba mbili, na zote mbili ni za kubuni. Kwa asiyeiona, ni picha ya Korea Kusini: akina Kim, maskini, wanajifanya watu wengine ili waajiriwe kwa akina Park, matajiri.

Nyumba ya akina Park, ambayo katika hadithi ilijengwa na msanifu mashuhuri, ilijengwa na timu ya mbunifu wa mandhari Lee Ha-jun. Uwanja na ukumbi wa chini vilijengwa katika kiwanja cha wazi, na pahala pa kujenga palichaguliwa kwa kufuata jua linakopita, kwa sababu muongozaji Bong Joon-ho alitaka mwanga wa jua uingie kupitia kile kioo kikubwa. Ghorofa ya juu ilikuwa ndani ya studio. Ile nyingine, ya akina Kim, pamoja na uchochoro wake wote, ilijengwa ndani ya tangi la maji, ili siku ya mafuriko wafungulie tu.

Zingatia jua. Akina Park wana ukuta mzima wa kioo. Akina Kim wana kidirisha kimoja kilicho usawa wa barabara, na kinachoingia humo ni harufu ya dawa ya wadudu na mkojo wa walevi. Nyumba za namna hiyo, nusu chini ya ardhi, zipo Seoul kwa wingi. Zilianza kwa amri ya 1970 kwamba majengo mapya yawe na vyumba vya chini vya kujifichia, kwa hofu ya vita na Korea Kaskazini. Baadaye watu wasiokuwa na uwezo wakapangishwa humo. Agosti 2022 mvua kubwa iliua watu ndani ya nyumba hizo, na serikali ya mji ikatangaza kuziondoa.

Sehemu ninayoirudia ni ile ya usiku wa mvua. Baba na watoto wawili wanatoroka kwa tajiri na kuanza kurudi kwao kwa miguu. Wanashuka. Ngazi, mteremko, handaki, ngazi tena, na maji yanashuka nao kwa njia ile ile. Hakuna anayesema neno kuhusu tajiri na maskini kwa dakika zile zote. Wakifika kwao, choo, ambacho kimewekwa juu ya jukwaa karibu na dari, kinatapika, na binti anakaa juu yake na kuwasha sigara. Aliyewahi kutoa maji chumbani kwa ndoo wakati wa masika, akisikia kwamba wenzake wa mtaa wa juu wanasifu mvua kwa kupoza hewa, hahitaji kuelezewa picha hii.

Umesema mlibishana mpaka usiku. Basi nawaongezea: kwa nini tajiri anachokereka nacho ni harufu? Kwa sababu kila kingine watu wale wameweza kukiiga. Harufu ni ya nyumba yao, inawafuata ghorofani.

Mbona hatuna sinema ya kwetu yenye pahala pa kukumbukwa? Na Pemba je, sisi tuna dhambi gani? (Msomaji wa Mkoani)

Ya kwetu ipo: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyooneshwa kwanza Toronto mwaka 2021 na baadaye kupelekwa kuiwakilisha Tanzania katika Oscar. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mtu mzima, anatoroka ndoa, na Denge yuko katika harakati za kumtoa Mwingereza.

Ukiitazama, fuata miguu ya Yasmin. Mji Mkongwe una ghorofa, milango ya kuchongwa na macho nyuma ya kila dirisha. Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kuna nyumba za chini, mlango wazi, watu wanakaa nje. Kwa ramani ni mwendo mfupi, kwa mwanamke wa wakati ule ni safari ya kuvuka dunia. Waongozaji wengi wanaokuja hapa huuchukua mlango wa Kizanzibari kama pambo, stelingi akaegemee, apigwe picha, basi. Shivji anajua mlango ni wa kuamua nani anabaki barazani, nani anafika ukumbini na nani anapanda juu.

Kuhusu Pemba sina la kukutetea, malalamiko ni ya haki. Picha zote zinaishia Unguja, na Unguja yenyewe ni Forodhani na vichochoro vitatu. Hali nyinyi mna vilima vya mikarafuu, karafuu zimeanikwa majamvini mpaka ukingoni mwa barabara, na magofu ya Mkama Ndume pale Pujini, yenye kuta na handaki la ngome. Mwenye hadithi ya mirathi ya shamba la mikarafuu na ndugu wanne wasiosemezana, pahala pa kupigia picha pameshajengwa.

Nina watoto wa skuli, wa miaka sita na tisa. Nataka picha yenye nyumba nzuri, bila mabusu na bila bunduki. (Mama wa Wete)

My Neighbor Totoro, ya Hayao Miyazaki, 1988. Dada wawili wanahamia na baba yao nyumba kongwe ya shamba, mama yuko hospitali. Nusu saa ya mwanzo ni watoto kufungua milango, kukimbia, kutafuta ngazi ya darini, kuogopa kiza na kupiga kelele ili kiza kiogope wao. Hakuna adui. Nyumba ile ilijengwa kweli kule Japani kwa ajili ya maonyesho ya Aichi ya 2005, na watu wanaitembelea hadi leo. Wanao wataielewa mara moja, hasa mti mkubwa wenye mwenyewe. Bibi yao atawaambia na kwenu upo.

Kampuni ya filamu inataka kutumia nyumba ya urithi wetu Kiponda kwa siku kadhaa. Ndugu zangu wameshaanza kugawana fedha. Niangalie nini? (Mwenye nyumba)

Kwanza uliza kama wanataka nje au ndani. Mara nyingi nje ndiyo wanayoitaka. Nyumba ya Home Alone ya 1990 ipo kweli Winnetka, karibu na Chicago, lakini sehemu kubwa ya ndani ilijengwa katika skuli iliyokuwa imefungwa. Wakitaka mlango na baraza tu, bei ni nyingine na tabu ni ndogo.

Wakitaka ndani, nenda taratibu. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko. Ghorofa iliyozoea watu wanane haikuzoea watu arubaini na vyuma vya taa. Sote tuliiona Beit al-Ajaib ilivyoporomoka Disemba 2020, na ile ilikuwa kasri. Mlete fundi wa nyumba kongwe, si fundi wa matofali, aseme juu wapande wangapi. Andikeni kwamba hapapigwi msumari ukutani, hapapakwi rangi ya mafuta juu ya chokaa, na pakiharibika panazibwa kwa chokaa, si saruji, kwa sababu saruji inafungia unyevu na ukuta unaanza kubanduka. Umeme watumie jenereta lao.

Vibali ni kazi yao: wakuoneshe cha BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, na wakitaka kubadilisha chochote cha jengo, wapitie Mamlaka ya Mji Mkongwe. Majirani waambiwe mapema uchochoro utafungwa lini. Adhana haitasubiri kamera, wapange ratiba yao wakijua hilo.

Warithi wote wasaini, hata yule aliyeko Muscat. Na omba usomewe kisa kinachopigwa humo ndani, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kupokea hata senti: jina la ukoo wenu linajulikana mtaani, na watu wataitambua nyumba.