Jibu: "Msukosuko" umetoka wapi?

Umeuliza kama "msukosuko" umetokana na kusuka nywele. Hapana, ndugu yangu. Kuna "suka" mbili. Moja ni ya nywele, ukili na mikeka. Nyingine ni kutikisa huku na huku, hasa maziwa ili kupata siagi, na msukosuko ni mtoto wa hii ya pili.

Kama hujawahi kusuka maziwa: unatia mtindi kibuyuni, usikijaze, unaziba mdomo, unaanza kukisuka. Mwanzoni unasikia chwa, chwa, chwa. Ndani humo chembe za mafuta zinagongana na kushikana, mpaka mlio unabadilika, unakuwa mzito, kama kuna kitu kinapigapiga ukuta wa kibuyu. Siagi hiyo imejitenga. Nalipenda sana neno hili kwa sababu bado unausikia mkono wa msukaji ndani yake.

Kutoka kibuyuni likasafiri mbali: jahazi husukwasukwa na mawimbi, ndoa hupita kwenye misukosuko, biashara vilevile. Ila pigo moja la ghafla mimi singeliita msukosuko. Sharti kuwe na kwenda na kurudi.