Mtoto wa miaka 9 kupanda ndege peke yake

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 9 anaweza kusafiri peke yake na kubadilisha ndege njiani. Kusafiri anaweza, mashirika mengi hupokea watoto kuanzia miaka 5, kwa huduma ya kusindikizwa ambayo hulipiwa. Hiyo ya kubadilisha ndege ndiyo siipendi. Mtafutie ya moja kwa moja, tena ya asubuhi, ikiahirishwa asije akalala uwanjani. Jina la mpokeaji kwenye fomu lifanane na la kitambulisho chake. Mimi niliandika jina la nyumbani la mdogo wangu aliyekwenda kumpokea mtoto. Akazuiwa saa nzima, mtoto akimpungia mkono nyuma ya kioo. Na usiondoke mpaka ndege ipae, maana huweza kurudishwa.