Mashine ya kusagia kahawa: ya visu au ya meno?

Ndugu, umeuliza kama ununue mashine ya meno ya kusagia kahawa au utumie ile ya visu unayosagia viungo, ambayo umelalamika inanuka iliki. Kama kahawa yako ni ya kuchemsha kwenye birika, hiyo ya visu inatosha, usiingie gharama. Bonyeza, achia, itikise, bonyeza tena. Ukiiacha ingurume mfululizo, buni inapata joto na unaambulia nusu vumbi, nusu chenga. Ukichuja kwa karatasi, hapo kweli tafuta ya meno, yaani inayosaga buni katikati ya sehemu mbili zenye meno, inayokuruhusu kuchagua usagaji mnene au laini. Bei imechangamka, lakini chenga zinatoka sawasawa.

Harufu ya iliki uliyoilalamikia: saga mchele mkavu kidogo, mwaga, kisha pangusa kwa brashi, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Mchele huo usiutie kwenye ya meno, ni mgumu, unaweza kuikwamisha.