Barua kwa mwanangu: mishahara mitatu haitoshi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umeniuliza kama akiba inayolingana na mishahara yako mitatu inatosha kuhamia nchi jirani, kwa kuwa kazi umeshapata na mwajiri anakusubiri. Haitoshi. Ingetosha kama kila jambo lingekwenda kwa tarehe yake, na katika kuhama kwangu sikuona hata moja lililokwenda hivyo.

Neno "jirani" ndilo linalokudanganya, kama lilivyonidanganya mimi nilipokuwa na umri wako. Safari ni fupi na lugha unaisikia, basi unaona kama unahama mtaa. Lakini ukishavuka mpaka, benki haikujui, na ile sifa yako ya kulipa mikopo kwa wakati imebaki upande huu. Asiyejulikana hulipa kwanza: kodi ya nyumba ya miezi ya mbele, na amana juu yake. Mimi benki ilitaka uthibitisho wa makazi ndipo inifungulie akaunti, mwenye nyumba akataka uthibitisho wa mshahara ndipo anipe mkataba wa pango, na mshahara ukakosa pa kuingia. Mzunguko huo ulinichukua wiki tisa. Kazini nilikwenda kila siku, na mfukoni nilikuwa natoa tu.

Kwa hiyo usihesabu mishahara yako ya sasa. Hesabu matumizi ya kule, kwa bei za kule, miezi sita. Nauli ya kurudi iweke pembeni, isiguswe hata ukilala njaa. (Baba yako atasema natisha watoto. Yeye hakuwa na mimi kule.)

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni ule mkopo wako. Utalipwa kwa sarafu ya kule, ilhali deni liko kwa sarafu ya hapa. Tuseme unalipwa 1,000 za kule, na kila moja inabadilishwa kwa 2 za hapa. Rejesho la 600 za hapa litakula 300 za mshahara wako. Sarafu ya kule ikishuka mpaka 1.5, rejesho lilelile litakula 400. Mkataba wako utasoma 1,000 vilevile, na mwajiri hatakuwa amekukosea chochote. Mimi nililipa deni la namna hiyo mwaka mzima, nikimlaumu kila mtu isipokuwa mwenyewe. Lipunguze kabla hujaondoka, hata ikibidi kuchelewesha safari kwa miezi michache.

Na utakapokuwa unatuma fedha nyumbani, usivutwe na tangazo la "bila ada". Faida yao wameificha kwenye kiwango cha kubadilishia. Linganisha kiwango unachopewa na kile cha sokoni, halafu uulize swali moja tu: nikitoa kiasi hiki, atakayepokea atashika ngapi? Kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani wa gharama ya kutuma dola 200 duniani umekuwa ukizidi asilimia 6, yaani zaidi ya dola 12 zinaishia njiani. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kuishusha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, lakini wewe unahama kabla ya hapo. Tuma mara chache, kiasi kikubwa, ikiwa ada yao haipandi pamoja na kiasi.

Kodi ya mapato hukuigusa kabisa. Nchi nyingi humhesabu mtu kuwa mkaazi wa kikodi akishatimiza siku 183 ndani ya mwaka, na nyingine hutazama pia familia na nyumba yako viko wapi. Unaweza kujikuta unadaiwa pande mbili. Uliza mapema kama nchi hizo zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, na uitumie mamlaka ya kodi ya hapa taarifa kwamba umeondoka. Taarifa ya michango yako ya pensheni ichukue kwa maandishi, maana baadhi ya nchi hukubaliana kujumlisha miaka ya uchangiaji na nyingine hazina makubaliano hayo.

Karatasi nitazipitia haraka. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na shule vithibitishwe ukiwa bado hapa: kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri mmoja wa apostili, yaani uthibitisho wa hati unaotambuliwa na nchi za mkataba huo, unatosha, kama sivyo, utapita wizarani kisha ubalozini. Kurudi kufuata muhuri ni ghali kuliko muhuri wenyewe. Gari liuze.

Sasa ile hesabu uliyoniambatanishia. Umeandika mshahara wa mwenzio kuanzia mwezi wa nne. Umeutoa wapi? Kibali cha mtegemezi mahali pengi kinamruhusu kuishi tu, si kufanya kazi, na kupata kibali chake mwenyewe ni ombi jingine lenye ada yake na foleni yake. Kibali chako nacho mara nyingi hufungwa kwa mwajiri mmoja. Kazi ikikatika, unaanza kuhesabu siku za kubaki. Ufute mstari huo, ujumlishe upya, uone kama kodi ya nyumba uliyochagua bado inalipika.

Mkataba usiusaini kabla sijauona. Nataka kusoma nani analipia kibali na kukihuisha, mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada yake, na bima ya afya inaanza siku gani. Nipigie picha kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye maandishi madogo.

Mama yako