Mwanangu, hoja yako imo kwenye chungu

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio. Unasema umeandika kurasa nane juu ya chungu cheusi cha mfinyanzi Magdalene Odundo ulichokiona Makumbusho ya Uingereza huko London. Umeeleza rangi, tumbo na shingo, umetaja kwamba Odundo alizaliwa hapa Nairobi mwaka 1950, na bado mhadhiri amekurudishia insha na mstari mmoja pembeni: "Maelezo mazuri. Hoja iko wapi?" Sasa unaniuliza, mama, hoja nitaitoa wapi na kila nilichokiona nimeshakisema?

Mimi nilirudishiwa insha hivyo hivyo nikiwa mwaka wa pili chuoni, na niliumia kama ulivyoumia wewe. Nilikuwa nimeandika kuhusu michoro ya ukutani ya kanisa kuu la Murang'a, ambayo Elimo Njau aliichora katika miaka ya 1950. Karatasi nilizijaza maisha ya mchoraji: kuzaliwa kwake Tanganyika, masomo yake Makerere, jumba la sanaa la Paa ya Paa aliloanzisha na wenzake hapa Nairobi mwaka 1965. Ukuta wenyewe sikuwa nimeuona. Jumamosi moja nikapanda matatu, nikaenda kuketi kanisani mpaka miguu ikafa ganzi. Yesu wa pale ni Mwafrika, na nchi iliyo nyuma yake ni nchi ile ile niliyoipita njiani. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Basi swali likanijia lenyewe: mtu aliyefiwa akiketi hapa, akamwona Kristo mwenye sura ya jirani yake akifa katika nchi anayoijua, ukuta huu unamwambia nini? Insha ilianzia hapo. Kurasa za mwanzo nilizitupa zote.

Sasa tuje kwa chungu chako. Nimeteremsha kile cha nyanya yako kutoka juu ya kabati, kile alichokuja nacho kutoka Siaya, na kiko mezani ninapoandika. Masizi yameshika chini, yakapanda ubavu mmoja kuliko mwingine, maana moto ulielemea upande huo. Karibu na mdomo udongo ungali mwekundu. Shingoni pana mkanda wa alama ndogo ndogo: mfinyanzi alichukua kamba iliyosokotwa, akaiviringisha juu ya udongo kabla haujakauka. Nikipitisha kidole nazihisi zote, ila mahali pamoja ambapo mkono umezifuta kwa miaka mingi ya kushika.

Chako kiweke kando ya hiki. Heinrich Wölfflin, mwanahistoria wa sanaa wa Uswisi, aliwafundisha wanafunzi wake kwa kuwaonyesha picha mbili ubavu kwa ubavu, na mpaka leo sijaona njia bora ya kulizoeza jicho. Odundo hufinyanga kwa mikono, bila gurudumu, kisha husugua chombo mpaka king'ae. Kikichomwa mara ya kwanza, moto ukiwa na hewa ya kutosha, hutoka na rangi ya machungwa iliyoiva. Cheusi hupatikana kwa kukirudisha motoni na kuunyima moto hewa. Kwa hiyo weusi wa chungu cha nyanya umeletwa na kazi ya jikoni, siku baada ya siku, na weusi wa cha Odundo ameuamua msanii.

Umeona? Hiyo tayari ni hoja, kwa sababu mtu anaweza kuipinga. Ukiandika "chungu ni cheusi na kinang'aa" hakuna atakayebisha, basi hakuna haja ya insha.

Lakini usikimbilie kuituma. Ipinge mwenyewe kwanza. Ule mkanda wa kamba shingoni, nao si uamuzi? Haupiki ugali wala hautunzi maji. Mama aliyeuweka alikuwa na jicho lake na alitaka iwe hivyo. Tena mwaka 1974 Odundo alikwenda Abuja, Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja), akajifunza kwa wanawake wafinyanzi wa Kigwari. Hivyo ukisema huku ni sanaa na kule ni chombo tu, utakuwa umewakosea hao wote, na nyanya yako pia. Rekebisha hoja: labda Odundo ameuchukua uamuzi uliokuwa umebanwa kwenye mkanda mwembamba wa shingo, akauacha ukitawale chombo kizima. Hii ni nzito zaidi kuliko ile ya kwanza, na imetokana na kupingwa.

Mwaka 1950 uutoe kwenye aya ya kwanza, hauna kazi pale. Huo wa 1974 uuweke, kwa kuwa unabeba ushahidi. Vitabu utavinukuu, ni lazima, na kila ulichokiazima ukitaje kilikotoka, ila vifungue baada ya macho yako kumaliza. Pale Paa ya Paa, Njau alitundika onyo kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Aliwaambia wachoraji. Mimi nakuambia wewe, maana nimeona katika insha yako sentensi tatu ambazo si sauti yako, na nakufahamu.

Kesho asubuhi nitakipiga picha hiki chungu, jua likiwa limeingia dirisha la jikoni, kwa sababu taa ya usiku inazimeza zile alama. Wewe rudi makumbushoni na daftari bila simu. Zunguka kile chombo, uangalie mwanga unavyotembea juu yake, kisha uniambie kama shingoni umeona alama yoyote ya mkono wa mtu.

Mama yako