Trauti wa kupandikizwa Pennsylvania: mshipi mwembamba, ndoano ndogo

Kabla ya kununua chochote, jua samaki huyu ametoka wapi. Trauti, samaki wa maji baridi aitwaye trout kwa Kiingereza, anayemwagwa kwenye vijito vya Pennsylvania kuanzia Februari hadi Mei amelelewa takribani mwaka mmoja na nusu kwenye mabirika ya serikali, akila punje za chakula anazorushiwa. Hajajifunza kuwinda. Siku yake ikifika anachotwa kwa wavu, anapakiwa kwenye lori lenye matangi ya maji na hewa, kisha anateremshwa kwa ndoo au bomba, mara nyingi karibu na daraja kwa sababu ndipo lori linapofika. Wanaorudi nyumbani mikono mitupu wengi wao wamesahau habari hiyo. Wanamvua kama samaki wa ziwani, kwa mshipi mnene, ndoano kubwa na chubwi zito.

Kwa msomaji aliyekulia Uvira, Kalemie au pwani, hili ndilo gumu kulikubali. Mshipi wa kumvutia sangara au changu hapa ni kamba ya meli. Trauti wa kupandikizwa ana wastani wa inchi 11, yaani kama sentimita 28, na maji ya Aprili huwa maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto chini. Anauona mshipi, na asipouona, anahisi chambo chake kinavutwa na kitu. Anakiacha.

Idara inayosimamia uvuvi huo ni Pennsylvania Fish and Boat Commission. Kila mwaka hupandikiza karibu trauti milioni 3.2 wa kuvuliwa, wengi wao wa aina ya upinde wa mvua, wakifuatiwa na wa kahawia, na wachache wa vijitoni. Huyu wa mwisho ndiye mwenyeji wa kweli wa jimbo na ndiye samaki wake rasmi. Utakutana pia na trauti wa rangi ya dhahabu, mkubwa, anayeonekana kutoka mbali kama boga lililozama. Usimkalie siku nzima. Kila anayepita humtupia chambo, na kwa kawaida samaki aliyekwisha kutupiwa mara mia hali tena.

Sasa sheria, maana askari wa mito wapo na wanakagua. Mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi pamoja na kibali cha trauti. Leseni peke yake haitoshi, na kosa hili huwakamata wageni wengi. Vyote vinanunuliwa mtandaoni au kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Walioko Erie wazingatie kwamba Ziwa Erie na vijito vinavyoingia humo vina kibali na kanuni zake; wasome ukurasa huo kabla ya kutoka. Msimu hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili saa mbili kamili asubuhi, yaani namba 8 kwenye saa ya simu yako. Mwaka 2026 ni Aprili 4. Kuanzia Jumatatu ya tatu ya Februari hadi saa hiyo, maji yaliyopandikizwa trauti hufungwa kwa uvuvi wote, isipokuwa yale yaliyoorodheshwa kuwa wazi mwaka mzima, na hata huko kipindi hicho hubebi trauti nyumbani.

Msimu ukishafunguliwa, idadi ni trauti 5 kwa mtu kwa siku, aina zote zikijumlishwa, na kila mmoja asipungue inchi 7, karibu sentimita 18 kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, idadi hushuka hadi 3. Baadhi ya sehemu za mito zina masharti makali zaidi: chambo bandia tu, au kurudisha kila samaki kwa kipindi fulani. Vibao vimebandikwa kwenye miti kandokando ya maji. Visome hata kama jana ulivua mita mia tatu chini yake.

Wenye watoto wasisubiri ufunguzi. Jumamosi inayoutangulia ni ya watoto walio chini ya miaka 16, wakiwa na mtu mzima mwenye leseni na kibali. Mtoto naye huandikiwa kibali chake. Kingo huwa hazina msongamano, na mtoto anaruhusiwa kubeba trauti wawili.

Tuje kwenye vifaa. Fimbo nyepesi ya futi 5 na nusu hadi 6, rili ndogo, na mshipi wa nailoni wa ratili 4, yaani unaokatika ukibeba kama kilo 1.8. Ukiona maji ni machache na maangavu sana, shuka hadi ratili 2. Ratili 6 ni ya maji machafu yenye magogo. Kupita hapo, hapana. Ndoano iwe namba 8, 10 au 12. Kumbuka namba ikipanda, ndoano inapungua: wapo wanaoomba namba 2 dukani wakidhani ni ndogo, wakapewa ya kuvulia samaki mkubwa.

Fundo ni hivi. Pitisha mshipi kwenye jicho la ndoano, uzungushe juu ya mshipi wenyewe mara 5 au 6, rudisha ncha kwenye tundu dogo lililobaki karibu na jicho, lowesha kwa mate, kaza polepole. Usipolowesha, msuguano hutoa joto, joto huudhoofisha mshipi, na samaki ataukatia hapo hapo kwenye fundo. Funga ndoano moja kwa moja. Vile vibanio vya chuma vinavyouzwa kwa ajili ya kubadilisha ndoano haraka viache nyumbani. Vinang'aa na vinazamisha chambo vibaya.

Breki ya rili ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Iliyokazwa hadi mwisho hukatisha mshipi mwembamba kwa mruko mmoja wa samaki. Pima hivi: funga chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa kwenye ncha ya mshipi, inyanyue kwa fimbo, kisha legeza breki hadi chupa ianze kushuka taratibu yenyewe. Hapo umefika karibu robo ya nguvu ya mshipi wa ratili 4. Fanya nyumbani, si mtoni.

Kwa kijito kinachotiririka, chambo cha kwanza ni nyungunyungu. Usimtundike mzima mzima kama soseji. Chukua kipande cha sentimita 4 hivi, mchome mara moja au mbili, mwache mkia ucheze. Funza weupe wa nta wawili wanatosha ndoano namba 10. Mayai ya samoni, moja tu kwenye ndoano namba 12, hufanya kazi sana maji yakiwa maangavu. Juu ya ndoano, sentimita 30 hadi 45, bana risasi ndogo moja iliyopasuliwa. Moja. Nyingine zikae mfukoni.

Kutupa ndiko kunakotenganisha wavuvi. Simama upande wa kidimbwi, usisimame juu yake na kivuli chako kikiwa kimelala kwenye maji. Tupa kuelekea juu ya mkondo kwa mshazari, acha maji yabebe chambo kuja usawa wako na kushuka, huku ukiinua ncha ya fimbo ili mshipi usilegee wala usivute. Chambo kinapaswa kwenda kwa mwendo wa majani yaliyozama. Ukihisi risasi inagonga mawe mara moja moja, uko sawasawa. Isipogonga kabisa, uko juu ya vichwa vya samaki: ongeza risasi moja ndogo. Ikinasa kila mtupo, punguza. Wanaobadilisha chambo mara kumi huku hawajawahi kubadilisha uzito wanajichosha bure, kwani samaki mara nyingi hana shida na chambo, hakijamfikia.

Trauti wa baridi hadoni kwa kishindo. Mshipi husimama tu, au husogea sentimita chache kwenda upande usio wa mkondo. Inua ncha kwa wepesi, kiganja tu. Ukivuta kwa bega utamng'oa mdomo.

Kwenye maziwa madogo na mabwawa, kama North Park karibu na Pittsburgh, mambo hubadilika kwa kuwa hakuna mkondo wa kubeba chambo. Hapo ndipo donge la unga linalouzwa kwenye vikopo vidogo lina kazi, kwa sababu harufu yake ni jamaa ya zile punje za birikani. Pitisha mshipi kwenye risasi yenye tundu katikati, funga kizuizi kidogo, kisha acha sentimita 45 hadi 60 za mshipi mwembamba hadi ndoano. Finyanga donge la ukubwa wa punje ya mbaazi, lifunike ndoano yote, kisha lijaribu ndani ya kikombe cha maji. Lazima lielee. Risasi italala chini na donge litasimama juu ya matope na majani, usawa wa macho ya samaki. Donge lisiloelea, ama kwa kuwa ndoano ni kubwa mno au donge ni dogo, hulala kwenye tope na hakuna atakayeliona. Acha rili wazi, au shika mshipi kwa vidole viwili, ili samaki asihisi uzito anapolichukua.

Chambo bandia cha bapa linalozunguka kinafaa sana ukiwa na maji mengi ya kutembea. Uzito ni gramu 2 hadi 3.5. Kitupe kukatiza mkondo, ukivute kwa mwendo mdogo kabisa unaotosha bapa lizunguke. Kasi ni kosa la kawaida: Aprili mapema maji huwa kati ya nyuzi 4 na 10 za Selsiasi, na samaki mwenye baridi hakimbizi kitu. Trauti huchangamka kati ya nyuzi 10 na 16. Kipimajoto cha bei ndogo kitakusaidia kuliko chambo cha bei kubwa.

Ndiyo maana siku ya ufunguzi si siku bora. Ni siku ya watu. Wavuvi hubanana begani kwa bega kwenye madaraja, mishipi inasokotana, na samaki wamepigwa butwaa na vishindo. Ratiba ya upandikizaji huchapishwa na idara kwa kaunti, ikiwa na tarehe, jina la kijito na aina ya samaki, na ipo pia kwenye programu yao ya simu. Maji mengi huongezewa samaki tena msimu ukiwa umeshaanza. Tafuta nyongeza hizo za nusu ya pili ya Aprili na mwanzo wa Mei, uende siku mbili au tatu baadaye, katikati ya wiki, alasiri maji yakiwa yamepata jua. Samaki wamekwisha kutulia, njaa imewakolea, na watu wako kazini.

Usibaki darajani pia. Siku za kwanza samaki hukaa pale walipomwagwa, lakini mvua moja nzuri huwasambaza. Tembea mita mia mbili au tatu kushuka, ukitafuta mahali maji ya kasi yanapoingia kwenye kina, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliomomonyoka. Kwa wakazi wa Philadelphia, Wissahickon na Pennypack zote hupandikizwa, na njia za miguu zinafuata maji kwa muda mrefu. Huhitaji gari wala kuomba ruhusa.

Kwingineko ruhusa ni jambo zito. Vijito vingi vinapita kwenye mashamba ya watu. Kibao cha kukataza kuingia unakifahamu. Usichokifahamu pengine ni mistari ya rangi ya zambarau kwenye miti, ambayo katika kaunti nyingi za jimbo hili ina maana hiyo hiyo kisheria. Mwenye shamba akiona mishipi iliyotupwa na vikopo vya nyungunyungu mwaka huu, mwakani anafunga, na kijito hicho huondolewa kwenye orodha ya upandikizaji. Beba mfuko wa taka. Tunasema hili kwa uchungu, kwa sababu maji hupotea hivyo kila msimu.

Maji ya baridi huua. Kwenye boti iliyo chini ya futi 16, mtumbwi au kayaki, jaketi la kuokolea livaliwe kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30; ni sheria. Mtoni, usivuke maji yanayopita goti kama huoni chini.

Samaki utakayemrudisha, mshike kwa mikono iliyoloa, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Akiwa amemeza ndoano, kata mshipi karibu na mdomo umwache; ukichimbua ndoano, atakufa. Utakayembeba, muue mara moja kwa kumgonga kichwani, umweke kwenye barafu. Nyama ya trauti ni laini na huharibika haraka kuliko ya sato. Kichwa na mkia visikatwe hadi ufike nyumbani, ili urefu wake upimike ukikaguliwa.

Jikoni, mpasue tumbo, toa matamvua na matumbo, kisha ukwangue kwa kijiko ule mstari wa damu nyeusi ulioshikamana na uti wa mgongo. Ukiuacha, samaki mzima atakuwa na uchungu. Magamba ni madogo, hayahitaji kuparuliwa. Idara za jimbo zinashauri mlo mmoja kwa wiki wa samaki wa kujivulia, kiasi cha nusu ratili. Kwa mchuzi wa nazi, mkaange kwanza au mchome hadi ngozi ikaze, umwingize kwenye tui dakika tano za mwisho. Akichemka toka mwanzo atamomonyoka. Kwa samaki wa kupaka, mkaa uwe wa wastani, upande wa ngozi uanze, na umgeuze mara moja tu.