Safari ya mashamba ya mizabibu kwenye nchi za baridi: maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu jambo ninalolipenda sana: kutembelea maeneo ya baridi yanayolima zabibu za mvinyo. Mifano mingi nimeitoa bonde la Mosel, Ujerumani, kwa kuwa ndiko ningemshauri mtu aanzie.

Nasikia mvinyo wa sehemu za baridi "una uhai". Maana yake nini, na niende wapi?

Uhai huo ni uchachu. Zabibu changa imejaa asidi, na kadiri inavyoiva asidi hupungua huku sukari ikiongezeka. Penye joto kali hayo hutokea upesi. Penye baridi, hasa usiku, tunda huiva polepole, asidi nyingi hubaki na sukari, ambayo ndiyo hugeuka kilevi, haipandi sana. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya Riesling nyepesi ya Mosel (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilohilo) iweze kuwa na kilevi cha asilimia 8 tu, wakati mivinyo mingi ya sehemu za joto hufika 14 na kupita.

Ila baridi hiyohiyo humfanya mkulima alitafute jua kwa udi na uvumba. Mosel iko karibu na nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, mbali mno kwa mzabibu, kwa hiyo mizabibu bora imepandwa kwenye miteremko inayotazama kusini, na miteremko yenyewe inatisha. Ule wa Calmont, juu ya kijiji cha Bremm, una sehemu zinazofika nyuzi 65. Ardhi yake imejaa vipande vya sleti, mawe bapa yanayofyonza joto la mchana na kulitoa usiku, na mto ulio chini yake huakisi mwanga. Trekta la kawaida halipandi huko, kwa hiyo kazi nyingi ni ya mikono na magoti. Simama chini ya mteremko ule, tazama juu, kisha uonje kilichotoka pale. Utakuwa umejifunza kwa dakika kumi mambo ambayo maelezo yangu hayawezi kukupa.

Kwingine pazuri ni Champagne nchini Ufaransa (treni ya kasi kutoka Paris hufika Reims kwa kama dakika 45), bonde la Willamette huko Oregon, Marekani, na kwa upande wa kusini wa dunia, Tasmania na Central Otago ya New Zealand. Chagua mahali pamoja tu. Anayepita maeneo matatu kwa wiki moja hurudi na picha za barabara kuu. Anayekaa siku nne bonde moja huanza kutofautisha mteremko na mteremko.

Likizo yetu ni mwezi wa nne au wa kumi. Upi bora?

Kwa Ulaya, wa kumi bila kusita. Mwezi wa nne mizabibu ndiyo kwanza inachipua, mashamba yanaonekana matupu, na wakulima hawalali kwa hofu ya sakitu, yaani baridi ya usiku inayogandisha chipukizi. Katika eneo la Chablis, Ufaransa, huwasha mamia ya mishumaa mikubwa katikati ya mistari ya mizabibu usiku, au hunyunyiza maji ili barafu ilifunike chipukizi. Inashangaza, lakini maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na joto hilo hulikinga chipukizi lisife. Aprili 2021 sakitu iliharibu mashamba mengi sana ya Ufaransa. Ukikuta usiku wa namna hiyo, kaa pembeni na usiwaombe watu wakutembeze.

Mwezi wa kumi ndipo Riesling inavunwa Mosel. Majani yamegeuka manjano, ukungu umelala mtoni asubuhi, na utapata Federweisser, mvinyo mchanga ambao bado unachachuka na ambao hauwezi kusafirishwa mbali. Jueni tu kwamba mwenye shamba ana shughuli nyingi na hatakuwa na saa mbili za mazungumzo. Wekeni nafasi ya malazi mapema, na vaeni nguo za kupangana, maana asubuhi na mchana havifanani.

Lakini kama ni lazima iwe mwezi wa nne, geuzeni ramani. Tasmania na Central Otago huvuna wakati huohuo.

Siendeshi gari. Nitaweza kuzunguka?

Utaweza, na utafurahia kuliko dereva. Ujerumani kiwango cha juu cha kilevi kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa aliye chini ya miaka 21 au mwenye leseni mpya ni sifuri. Baiskeli nayo ina sheria yake ya ulevi, usidhani umekwepa.

Treni inatoka Trier hadi Koblenz, mahali Mosel unapoingia mto Rhine. Hapa wageni wengi hukosea: kati ya Trier na Bullay reli huuacha mto na kukata njia yake, kwa hiyo vijiji mashuhuri vya katikati haviko kwenye reli kuu. Shuka Bullay, panda treni ndogo hadi Traben-Trarbach, ufanye hapo makazi yako. Baada ya hapo kuna basi, boti za msimu, na njia ya baiskeli kando ya mto ambayo karibu yote ni tambarare.

Mto wenyewe unajipinda kama nyoka. Kutoka Traben-Trarbach hadi Bernkastel kwa kufuata maji ni zaidi ya kilomita 20, ila kwa kukatiza mlima ni mwendo wa kama saa mbili kwa miguu. Ningeenda kwa miguu na kurudi kwa basi.

Kutema mvinyo mbele ya aliyeutengeneza si dharau?

Hapana. Ndoo ya kutemea imewekwa kwa ajili hiyo, na yeye mwenyewe hutema kila siku ya kazi. Dharau ni kufika bila miadi kwa familia yenye watu wawili wanaofanya kila kitu, au kujipulizia manukato yanayofunika harufu ya kila glasi chumbani. Wazalishaji watatu kwa siku wanatosha. Wakikuonjesha bure, nunua japo chupa moja.

Sipendi mvinyo wenye sukari, na lebo za Kijerumani zinanichanganya.

Tafuta neno trocken: maana yake sukari iliyobaki ni kidogo sana. Maneno Kabinett, Spätlese na Auslese yanakwambia zabibu zilikuwa na sukari kiasi gani zilipovunwa, siyo kiasi kilichobaki ndani ya chupa, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Njia ya haraka ni kuangalia asilimia ya kilevi. Ikiwa 12 au zaidi, karibu sukari yote imegeuka kilevi. Ikiwa 8, utamu umebaki.

Hata hivyo nakusihi, ukiwa pale onja Kabinett moja yenye utamu. Uchachu wake huushika ule utamu usikinaishe, na ladha hiyo ndiyo iliyonivuta mimi kwenye mambo haya.

Mke wangu hanywi kabisa. Nisimchoshe?

Mchukue. Trier peke yake ni siku mbili: lango la Porta Nigra ambalo Warumi walilijenga katika karne ya 2, na kwenye makumbusho ya Rheinisches Landesmuseum kuna jahazi la jiwe lililobeba mapipa ya mvinyo, lililochongwa kwa ajili ya kaburi na kugunduliwa kijiji cha Neumagen karne ya 19. Mtu asiyeonja tone ataelewa hapo kwamba biashara hii ina umri gani. Kama anapenda kupanda, kuna njia ya miguu inayokatiza Calmont, yenye ngazi na kamba za chuma. Ngome ya Eltz, iliyofichwa msituni, mtaipenda wote wawili. Na wazalishaji wengi huuza juisi ya zabibu zao wenyewe, kwa hiyo muulizieni mapema mnapoweka miadi, ili naye apate glasi yake mezani.

Naweza kurudi na chupa kwa ndege?

Ndiyo, kwenye mzigo unaopelekwa chini. Vinywaji vya kilevi cha asilimia 24 au pungufu havina kikomo kwa sheria za usalama wa ndege, lakini shirika lako lina kikomo cha uzito, na forodha ya nchi unayoingia ina chake, kwa hiyo vyote viwili viangalie kabla ya kununua. Funga kila chupa kwenye mfuko wa plastiki, izungushie sweta, iweke katikati ya begi. Chupa za Mosel ni ndefu na nyembamba, nazo mara nyingi hazitoshei kwenye vifuko vya kuzuia mtikisiko vilivyopimwa kwa chupa za kawaida. Nenda na vifuko virefu, au na soksi nene za sufu, ambazo kwa baridi ya mwezi wa kumi utazihitaji hata hivyo.